Kompyuta Iliyoungua Wakati wa Baridi

Kijiwe chetu cha Uyole kiko kwenye kona ambapo barabara ya Tukuyu inaachana na barabara kuu. Benchi lenyewe ni ubao mmoja wa msonobari ulioanguka kutoka kwenye lori la Mafinga, na mwenye lori hakuurudia. Asubuhi za Julai ubao huo hulowa umande, kwa hiyo kila mmoja huja na gunia lake la kukalia. Shangazi yangu Benedicta ndiye mwenye jiko na birika. Mimi ndiye mmiminaji, tangu mwaka juzi nilipomaliza darasa la saba na jina langu halikutoka kwenye orodha ya sekondari. Wanaokaa hapa kila siku ni watatu. Kalinga, fundi wa malori aliyetoka Iringa, anaitwa Difu, kwa sababu kwake yeye kila ugonjwa wa gari huanzia kwenye difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Alinanuswe anaitwa Mawimbi, maana redio yake ndogo haimtoki sikioni. Liberatus tunamwita Mkaguzi. Zamani alikuwa akihesabu mapipa ya mafuta kwenye mgodi wa Makongolosi, na tangu hapo hajakutana na kitu asichokikagua. Siku ninayoieleza, mwezi huu wa Julai 1979, baridi ilikuwa imechoma majani ya viazi mpaka yakawa meusi, na wote watatu walikuwa wamekumbatia vikombe bila kunywa, wanaota joto lake tu.

Ndipo Arvind alipovuka barabara kutoka dukani kwao, amebeba kopo la biskuti kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, kijana, akaitika Difu. Leo umetuletea biskuti?

— Nimeleta maiti.

Akakaa, akafungua kopo. Ndani mlikuwa na pamba, na juu ya pamba kulikuwa na kitu cheusi, kirefu kama kidole changu cha kati, chenye miguu mingi ya bati pande zote mbili. Mawimbi alishusha redio kutoka sikioni, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

— Huyu jongoo umemtoa wapi?

— Siyo jongoo, mzee. Hii ndiyo prosesa. Ubongo wa kompyuta yangu. Umeungua.

Habari za kompyuta ya Arvind tulikuwa nazo sote. Kaka yake alimtumia kutoka Uingereza vipande vipande, na yeye akaviunganisha kwa risasi ya kuyeyusha na kijiti cha moto kwa miezi mitano, nyuma ya duka la vitambaa alilowaachia marehemu baba yake. Mimi niliiona mara mbili nilipopeleka kahawa. Ni ubao wa ukubwa wa kibao cha kuandikia cha shule, una vitufe ishirini, na dirisha dogo linalowaka tarakimu nyekundu. Mara ya pili Arvind aliniacha nibonyeze. Nilibonyeza saba mara nane kwa njia ndefu aliyonionyesha, na zile tarakimu zikafikiri kidogo, zikaleta hamsini na sita. Nilikuwa najua jibu tangu darasa la tatu, lakini nililala nikiliwaza.

— Nawaombeni mnisaidie, Arvind akasema. Nina mpaka saa sita.

— Saa sita kuna nini? akauliza Mkaguzi.

— Fanueli anaondoka na lori la viazi kwenda Dar. Mjomba wangu yuko huko, Jumamosi anapanda ndege kwenda Uingereza. Anaweza kuninunulia prosesa nyingine, lakini bahasha ya fedha lazima iende na Fanueli leo. Fedha anazo mama. Alikuwa ameziweka za kubadilisha mabati ya jikoni. Zinatosha moja tu, haziwezi kutosha mbili.

— Basi akupe, upeleke.

— Amekubali kunipa. Lakini amesema, niambie kwanza hii ya kwanza ilikufa kwa nini. Sinunui ya pili ili ife kifo kile kile. Na mimi sijui. Kijitabu chake nimekisoma mara tatu. Ninyi mnajua mambo mengi.

Akatoa penseli na kipande cha karatasi, akaandika juu yake *Sababu*, akakipigia mstari. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu wale wazee wakiona mtu anaandika maneno yao, hawanyamazi tena.

Difu akawa wa kwanza.

— Mimi nakwambia ukweli. Imekosa oili. Difu yake imekauka.

— Haina difu, kaka Kalinga.

— Kila kinachozunguka kina difu.

— Haizunguki. Hakuna kitu hata kimoja kinachozunguka ndani.

Difu akamtazama kwa huruma.

— Haizunguki. Sasa inakwendaje?

Arvind alianza kueleza, akaacha. Aliandika *oili*, halafu akaikata.

— Sikilizeni, akasema Mawimbi. Mwaka huu habari zimekuwa za moto. Mara vita, mara mji umechukuliwa, mara wakubwa wamekimbia. Redio yangu hii, siku zile nilikuwa naiweka chini kila baada ya dakika kumi, inachoma sikio. Sasa redio inapokea na kutema, inapata nafuu. Hiyo kompyuta yako inapokea, haitemi.

— Lakini haipokei redio, mzee. Haina antena.

— Ina waya?

— Nyaya zipo.

— Basi ndiyo antena. Mawimbi hayabishi hodi.

Mkaguzi alikuwa akisubiri zamu yake huku akikigeuza kile kijidude kwenye kiganja chake, akihesabu miguu. Alihesabu arobaini, akarudia upande mmoja kuhakikisha.

— Tuulizane kwa utaratibu, akasema. Imetengenezwa wapi?

— Marekani.

— Ikanunuliwa Uingereza. Vitufe vyake vimeandikwa Kiingereza. Wewe unapoibonyeza unafikiri kwa lugha gani?

— Kigujarati, labda.

— Unaona. Mama yako yuko dukani anauza kwa Kiswahili, inasikia. Nyuma ya ukuta wenu wanafanya mazoezi ya kwaya kwa Kisafwa, inasikia. Lugha nne. Mimi ninazo tatu tu, na ikifika Jumapili jioni kichwa kinagonga. Ubongo wenye miguu ya bati utavumilia nini?

— Haisikii, mzee Liberatus. Inahesabu tu.

— Inahesabu nini?

— Chochote ninachoiambia. Siku ile ya kuungua, siku nne zilizopita, nilikuwa nimeiachia kazi ndefu, itafute namba zisizogawanyika kwa nyingine, moja baada ya moja.

— Mpaka ngapi?

— Hazina mwisho.

Shangazi alitupa makaa mawili jikoni. Mkaguzi akakirudisha kile kijidude kwenye pamba, taratibu.

— Kijana. Umeipa kazi isiyo na mwisho.

— Ndiyo.

— Bila Jumapili.

— Ni mashine, mzee.

— Hata pampu ya Makongolosi ilikuwa inazimwa mchana watu wale ugali. Hii imejiua.

— Au ilipata jibu, akasema Mawimbi.

— Jibu la nini? akauliza Difu.

— Sijui. Hilo jibu lenyewe ndilo limeiua.

Arvind alikuwa bado anaandika. Niliona mkono wake umeanza kupoteza matumaini, maana *jibu* aliliandika kwa herufi ndogo sana. Ni wakati huo mtu mmoja alipofika akasimama kando ya benchi, amejifunga blanketi la rangi ya kahawia, ana fimbo ya kuchungia. Akasema mwangaluka, kwa Kisukuma, kisha akakumbuka yuko wapi, akasema habari za asubuhi. Aliitwa Budeba, mfugaji wa Usangu, amemaliza kuuza ng'ombe wawili mnadani na anangojea lori la chumvi. Difu akamsogezea nafasi kwenye gunia lake. Nikammiminia kikombe. Akanywa, akasikiliza, hakuuliza kitu.

Mimi kwa kawaida sizungumzi kijiweni. Namimina. Lakini lile neno la namba zisizo na mwisho lilikuwa limenishika, na kulikuwa na jambo sikulielewa.

— Kaka Arvind, nikasema. Siku hiyo hukuwepo nyumbani. Nilikuona unapanda basi asubuhi kwenda mjini.

— Nilikwenda kufuata mgao wa sukari wa duka. Nilirudi saa kumi.

— Kwa nini hukuizima?

— Ukiizima inasahau. Kila ulichoiambia kinapotea, inaamka haijui kitu, unaanza kuifundisha upya. Ile kazi niliiingiza siku mbili nzima, tarakimu kwa tarakimu. Kwa hiyo niliiacha inawaka.

— Inasahau yote? akauliza Mawimbi. Hata jina lako?

— Jina langu haijalijua hata siku moja.

Mawimbi alionekana kusikitika kuliko alivyosikitika kwa habari ya kuungua.

— Ulipoondoka ilikuwa na joto? nikauliza tena.

— Uvuguvugu. Kama kikombe kilichokwisha kunywewa. Ndivyo inavyokuwa kila siku, kijitabu kinasema ni sawa.

— Na uliporudi?

— Imekufa. Dirisha jeusi. Nilipogusa prosesa, iliniunguza kidole.

Difu akaweka kikombe chini. Nimeshamwona akifanya hivyo wakati dereva anapomweleza ugonjwa na yeye ameacha kusema akaanza kusikia.

— Hebu rudi nyuma, akasema. Umefungua mlango wa chumba. Kisha?

— Nikawasha taa.

— Kisha?

— Nikaenda mezani. Nikatoa kitambaa. Nikaona dirisha ni jeusi.

— Kitambaa gani?

— Kitambaa tu.

— Kitambaa gani, Arvind?

Arvind akacheka kidogo, kama mtu aliyeulizwa viatu vyake viko miguu gani.

— Kwetu kila kitu kina kitambaa, kaka Kalinga. Redio ina kitambaa, meza ina kitambaa, viti, mtungi wa maji, mpaka saa ya ukutani mama ameishonea kofia. Hata ninyi kwenu ni hivyo.

Ni kweli. Kwetu tuna redio moja na vitambaa vinne, tunabadilisha kila Jumamosi. Nyumba yenye kitu kisichofunikwa hapa kwetu ni nyumba ambayo mwanamke hayupo. Ndiyo maana Arvind alikuwa ametoa kile kitambaa kwa mkono wake, akakikunja, akakiweka kitini, kisha akakaa siku nne akitafuta sababu.

— Uliifunika wewe? akauliza Difu.

— Hapana. Mimi niliiacha wazi. Mama ndiye aliyefunika. Alisema asubuhi ile ilikuwa na baridi sana, akaionea huruma inavyowaka peke yake.

Difu akafuta uso kwa kiganja.

— Mnajua malori ya viazi asubuhi, akasema. Baridi ya hapa, injini haishiki. Dereva anafunika rejeta kwa gunia mpaka ipate moto. Akishaondoka inabidi ashuke alitoe. Mwaka jana mmoja alisahau. Alifika nusu ya kilima, maji yakachemka, injini ikakatika. Gunia lile nililitoa mimi kwa mkono wangu. Kitambaa chenyewe kizito?

Arvind akanitazama mimi.

Nilishakijua. Nilikuwa nimekijua tangu aliposema *kitambaa tu*. Kilikuwa kimeshonwa na mimi. Mama Kokila, mama yake Arvind, alinilipa nimshonee mwezi wa tano, kitambaa cha tausi cha kufunikia kompyuta, akasema vumbi la barabara linamsumbua, kwa hiyo nikishone kwa tabaka mbili na katikati nitie kipande cha blanketi. Nilitia. Nilishona mkia wa tausi kwa uzi wa rangi sita, wiki tatu.

— Kizito, nikasema. Ni kazi yangu. Kina blanketi ndani.

Hakuna aliyenilaumu. Mawimbi alisema tu, kwa sauti ya chini, kwamba blanketi linatia joto hata kwa mtu asiye na kazi, sembuse anayetafuta namba zisizo na mwisho. Arvind akachukua ile karatasi. Akakata habari, lugha, uchovu na jibu, yote kwa mstari mmoja, akaandika chini *kitambaa*. Uso wake uling'aa. Kisha nikauona ukizimika.

— Nini tena? akauliza Mkaguzi. Si umepata sababu?

— Nimepata.

— Kampe mama.

— Nimwambie nini? Mama, umeiua wewe?

Benchi lote likasikia uzito wa neno hilo. Mkaguzi akajikohoza.

— Andika hitilafu ya umeme. Umeme wa hapa unapanda na kushuka, hata yeye anajua. Siyo uongo mkubwa.

— Halafu ya pili itakuja, Arvind akasema, nitakwenda kufuata sukari, ataionea huruma.

— Mwambie ya pili isifunikwe, akasema Mawimbi. Habari ya ya kwanza iache.

— Ataniuliza kwa nini. Hamumjui mama. Kama angekuwa haulizi watu kwa nini, nisingekuwa hapa na kopo.

— Ifungie chumbani, ubaki na ufunguo, akasema Difu.

— Nyumba ni yake. Mabati ni yake. Nifunge mlango ili mama yangu asiingie?

Ng'ambo ya barabara Fanueli alikuwa anakaza kamba juu ya magunia. Utingo wake alikuwa amekwisha funga mlango wa nyuma. Kupitia mlango wa duka tulimwona mama Kokila, amejitanda shali, anampimia mteja kitenge kwa mkono wake, kutoka pua hadi ncha za vidole, na kwenye meza ya kuuzia, kando ya mkasi, bahasha ilikuwa imelala tayari.

Budeba alimaliza kahawa yake. Akakitikisa kikombe kuondoa machicha, akanirudishia kwa mikono miwili. Kisha akasema maneno yake ya kwanza tangu salamu.

— Sasa nani anakwenda kumwambia?

Aliuliza bila ubaya, kama anayeuliza njia. Akamtazama Difu, na Difu akagundua kikombe chake kina ufa unaohitaji kuchunguzwa. Akamtazama Mkaguzi, aliyekuwa anaihesabu tena ile miguu arobaini. Mawimbi alirudisha redio sikioni, ingawa betri zake alikuwa amezitoa kuzianika juani. Arvind alikuwa mwanawe, hakuhitaji kutazamwa. Shangazi akainua birika, akalitikisa, halikutoa sauti.

— Kahawa imekwisha, akasema.

Kwa kuwa hakukuwa na cha kumimina, nilikosa kazi ya mikono. Nilifuta vidole kwenye kanga yangu nikavuka barabara. Fanueli aliwasha injini.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, Regina. Mmenitilia kahawa?

— Imekwisha, mama. Nimekuja kuhusu kile kitambaa cha tausi.

Nilikuwa nimepanga kusema uzi una kasoro. Njiani, hatua kumi na tano, niliupanga vizuri. Lakini alipoweka mkasi chini akanitazama, uzi wote ulinitoka kichwani.

— Kimezuia joto kutoka, nikasema. Ile mashine hutoa joto lake juu, kama jiko. Mimi nilishona kizito mno. Ndicho kilichoiunguza.

Mama Kokila alitazama juu ya bega langu hadi kijiweni, walikokuwa wameketi wanaume watano, watatu kati yao wanatazama ndani ya vikombe vitupu.

— Wamekutuma wewe?

— Hawakunituma. Walinyamaza tu.

— Ulishona ulivyoambiwa, akasema. Aliyefunika ni mimi. Niliona inatetemeka, vile vitaa vyake vyekundu. Nikadhani ni baridi.

Alichukua bahasha akanipa. Ilikuwa nyembamba kuliko nilivyofikiri.

— Mkimbilie Fanueli. Mwambie aitie ndani ya shati, isikae mbele ya lori. Na Arvind mwambie mama amesikia, ya pili haitafunikwa hata kwa leso.

Nikashukuru. Nilikuwa nimekwisha geuka aliponiita tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

— Na usisikitike kuhusu kitambaa chako, Regina. Kazi ile ni nzuri mno kukaa kabatini. Leo asubuhi nimekifunikia redio.

Redio yao ni ile kubwa ya zamani ya mbao, yenye taa za kioo ndani, ambayo ukiweka kiganja juu yake unapata joto la mkate uliotoka sasa hivi. Kutoka chumba cha nyuma niliisikia ikitangaza bei za mazao, kwa sauti iliyozibwa kidogo. Fanueli akapiga honi. Nikabaki mlangoni, bahasha mkononi, natafuta namna ya kuanza upya.